Maji ya Bi Alawiya

Bi Mwanamkisi wa Mkomani alikuwa mwosha maiti. Kwa miaka thelathini hakufa mwanamke katika mtaa ule wa Amu asipite mikononi mwake. Maji aliyapima kwa kiwiko, yawe vuguvugu, kwani aliamini maiti huona baridi kama sisi. Tena alikuwa na sharti: kwanza lichimbwe shimo uani, kitanda cha kuoshea kiwekwe juu yake, na kila tone liingie ardhini. Mifereji ya nyumba za Amu hupenya chini ya kuta, ikafuata vichochoro mpaka pwani, na yeye hakutaka kipite humo kitu ila mvua.

Sharti hilo alilitoa kwa wafu akalipeleka kwa walio hai. Matumbo ya samaki aliyafukia chini ya mkomamanga wake. Majivu na maji ya kuoshea vyungu yalikuwa na shimo lake. Kila siku maji yakipwa aliteremka pwani na ufagio wa chelewa, akazoa makumbi na matambara waliyotupa wengine. Wanawake walimwita mke wa bahari, wakamwuliza mume huyo alimtolea mahari gani. Aliwajibu kwamba mume huyo hula kila anachopewa, lakini hamsahau aliyempa.

Aliyemwelewa alikuwa mmoja tu, Bi Alawiya, jirani aliyekua naye tangu utotoni. Mwaka 1909 Bi Alawiya alilala asiinuke tena. Siku moja alimshika mwenziwe mkono.

"Mwanamkisi, nikifa, mai ya kuniosha yasishuke ndia ya pwani. Watoto huoga pale. Yatie ntini, shimoni."

Bi Mwanamkisi akasema ndiyo. Hakuapa. Baina yao ndiyo ilitosha.

Bi Alawiya alikufa asubuhi ya Alhamisi. Mwanawe, Kamaludin, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza sakafu ya uani, chokaa nyeupe iliyotwangwa siku nyingi hadi ikang'aa kama kombe la kaure. Alipomwona mwosha na mtaimbo mkononi, alisimama mbele yake. Hakupandisha sauti. Alisema mazishi ni kabla ya Alasiri, kuvunja sakafu ile ni kazi ya kutwa, na mfereji ule pale.

"Mai ni mai, Bi Mwanamkisi. Yataona ndia yenyewe."

Bi Mwanamkisi alikuwa amemuuguza rafiki yake siku tatu bila kulala. Akauweka mtaimbo chini.

Alimwosha kwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, akammalizia kwa maji ya kafuri, na muda wote alisikia mfereji ukigugumia chini ya ukuta, kama mtu anayekunywa kwa pupa.

Kesho yake, jua la utosini, aliteremka pwani na ufagio. Ulipo mdomo wa mfereji akanusa kafuri. Alimwita mkwewe, Umulkheir. Umulkheir akavuta pumzi mara mbili, akasema yeye hanusi ila mwani.

"Mama, umeosha wafu mpaka wamekuingia puani. Juzi hata mchuzi wangu uliunusa kafuri."

Bi Mwanamkisi alicheka kidogo, akarudi nyumbani. Alipovua makubadhi aliona majani ya mkunazi yamemganda nyayoni, mabichi, yamepondwa laini, kama alivyoyaponda kwa mkono wake. Akanawa miguu, yakatoka. Siku ya pili yake yalikuwapo tena.

Siku ya saba alikuta bahari ikifanya jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mawimbi yalikuja na kurudi kote, lakini mbele ya mfereji palikuwa na maji yasiyojongea, upana wa kitanda, bapa, na povu la kijani juu yake. Kaa waliokuwa wakitambaa ufukweni walifika ukingoni pake, wakageuka. Akakunja mkono wa nguo, akatia kiwiko.

Vuguvugu. Kipimo kilekile.

Hakukimbia. Alimwita Umulkheir alete mitungi, na safari hii Umulkheir aliziba pua. Wakaijaza maji yale, wakajitwika, wakapanda kichochoro hadi kwa Kamaludin. Bi Mwanamkisi akautua mtungi wake katikati ya sakafu nyeupe, akamwambia atie mkono.

Kamaludin alitia. Hakuutoa haraka. Aliuacha humo, kichwa amekiinamisha, kama mtoto anayeogeshwa.

"Nilimwambia mamako ndiyo," alisema Bi Mwanamkisi.

Kamaludin akaenda kuchukua mtaimbo.

Chokaa ilikuwa ngumu. Alivunja tangu Adhuhuri, jasho likimchanganyikia na machozi, na wanawake wale wawili wakashuka na kupanda, mtungi baada ya mtungi. Shimo lilikunywa bila sauti. Karibu na Alasiri, wimbi moja dogo lilipita mbele ya mfereji, likaondoka na povu la mwisho, na mahali pale pakawa bahari.

Sakafu haikuzibwa. Kamaludin aliliacha lile shimo la mama yake lilivyo, akalifunika kwa jiwe, akachimba la pili kando yake kwa maji ya jikoni. Kisha jirani wa kushoto akachimba lake, na wa kulia. Baada ya mwaka mmoja mifereji ya upande ule ilikauka hata buibui wakatanda midomoni mwake.

Bi Mwanamkisi alifariki mwaka 1916. Kabla mtu hajatumwa, Kamaludin alikuwa amekwisha kuja na mtaimbo begani. Akaingia uani, akachimba chini ya mkomamanga, kina cha mkono mzima na zaidi. Umulkheir ndiye aliyemwosha.

Baada ya mazishi, maji yalipopwa, Umulkheir aliteremka pwani peke yake. Alisimama mbele ya mfereji mkavu, akakunja mkono wa nguo, akatia kiwiko baharini, akangoja.

Maji yalikuwa baridi.