Ubeti wa Tano wa Bwana Yahusu

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limelala salama kwenye kitambulisho, wala hakuna aliyelisumbua. Kazini walimwita Bwana Yahusu. Kwa miaka thelathini na sita hakuwahi kuandika kitu, hata kikaratasi cha kumwomba mhudumu chai, bila kutanguliza "Yah:" juu na kupiga mstari chini yake.

Alikuwa mkuu wa masjala, chumba cha nyuma chenye mafaili elfu kumi na mbili na dirisha moja. Kila faili alijua lilipo. Lile ambalo hakujua lilipo alikuwa na jibu lake, na kama umewahi kufuatilia jambo lako ofisini basi unalijua: "Liko kwenye mzunguko." Jambo likifika mwisho, bosi aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Imeonekana. Faili lifungwe," naye Bwana Yahusu akalifunga kwa kamba nyeupe, mafundo mawili, akalirudisha kwenye rafu. Nadhani yale mafundo aliyapenda kuliko mshahara.

Kisha akastaafu. Wakampa saa ya ukutani, hotuba mbili na soda. Jumatatu iliyofuata aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, akavaa shati lenye kola, akapiga viatu rangi, akafika mlangoni, akakumbuka. Akasimama pale na kofia mkononi. Mtu akikuambia kustaafu ni kupumzika, muulize yeye amestaafu lini.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na mfanyakazi mwingine ambaye hakustaafu. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele: cherehani ya miguu kando ya dirisha, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na kamba ya kutundikia nguo za wateja. Mabinti zao mapacha walikwisha olewa, wako na nyumba zao. Kwa miaka mingi Mama Pacha alikuwa na chumba kile peke yake tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna siku aliyolalamika kwamba kuna upweke.

Wiki ya kwanza Bwana Yahusu alikaa tu, akitazama. Wiki ya pili akasema rili za uzi zimekaa ovyo. Wiki ya tatu zikawa na lebo. Ya nne kukawa na daftari mlangoni, na mteja hachukui nguo yake bila kuandika jina, tarehe na saini. Nguo zenyewe alizitoa kwenye mpangilio wa mkewe, ambaye alizipanga kwa sura za wenyewe, akazipanga kwa tarehe ya kupokelewa.

Halafu akaja mwalimu.

Huyu mwalimu alifundisha shule iliyo nyuma ya mtaa, na alikuwa amefuata gauni lake la kijani, la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake siku ileile. Mama Pacha alikuwa ameenda kununua zipu. Bwana Yahusu akafungua daftari, akashusha kidole ukurasa mzima, akapandisha, akashusha tena.

"Gauni lako mwalimu," akasema, "liko kwenye mzunguko."

"Kwenye mzunguko wa nini, mzee wangu?"

"Limetoka kwa saini. Litarudi."

Lilikuwa limetoka kweli. Asubuhi ile alikuwa amempa mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni la kijani, kwa kuwa tarehe zilifanana, na yule mama alitia saini vizuri kabisa. Mama Pacha aliporudi na zipu zake alimkuta mwalimu amekaa juu ya meza ya kukatia, analia, na mumewe amesimama kando akimwonyesha ile saini kama ushahidi. Ilibidi Mama Pacha akimbie mitaa mitatu, na umri ule, kulivua gauni kwenye mwili wa mtu aliyekwisha jipaka poda.

Jioni alifunika cherehani, akakunja mikono. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha mumewe.

"Baba Pacha, pale kona kuna chumba kitupu. Nimeshakiona. Mwezi huu ukiisha nahamishia cherehani yangu kule. Nitakuwa natoka asubuhi, narudi jioni, kama ulivyokuwa wewe."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki na lebo zako."

Bwana Yahusu akazitazama rili za uzi. Ukweli, ambao hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba hakujali rili za uzi zimekaaje. Alikuwa ametumia miaka thelathini na sita kumwona mkewe asubuhi akiwa na usingizi na jioni akiwa amechoka, na sasa alitaka tu kukaa mahali alipo mkewe mchana. Ila hakujua mtu anakaaje mahali bila kufanya kazi ya ofisi. Mazoea yana taabu.

"Nitafutie basi kitu cha kufanya," akasema.

"Nikutafutie mimi? Ulikuwa unatunga mashairi wewe, kabla hujaolewa na hiyo masjala yako."

Akainuka, akafungua kopo la vifungo, akachimba mpaka chini, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa Bwana Yahusu, lakini wa kijana, umelala upande kama unakimbia. Beti nne. Alimpelekea wakati wa uchumba, na mstari wa mwisho ulisema hivi:

*Wa tano nauhifadhi, nitakupa ukifika.*

"Mimi nimefika," Mama Pacha akasema. "Mwaka wa thelathini na nane huu. Ubeti wangu uko wapi? Usiniambie uko kwenye mzunguko."

Akaenda zake jikoni. Bwana Yahusu akabaki na karatasi. Ahadi ni deni, yeye mwenyewe aliwahi kuwaandikia watu hivyo kwenye barua za kuwakumbusha. Akapiga hesabu ya siku: mwezi ulikuwa umebakiza kumi na tisa.

Asubuhi alikaa na kalamu tatu na daftari jipya. Akaandika "Yah:". Akaifuta. Akafikiri kwa bidii kubwa, jasho likamtoka, na kabla ya saa sita alikuwa na mistari miwili:

*Husika na kichwa hapo, barua nimeipata,*
*Kiambatanisho kipo, majibu nitayaleta.*

Akahesabu kwa vidole. Mizani nane kwa nane, vina viko sawa, hakuna mtu angemkosoa. Akampelekea rafiki yake asikilize. Rafiki huyu alikuwa dereva wa ofisi ileile, aliyestaafu mwaka mmoja kabla, na ambaye siku hizi alicheza drafti barazani kwake na kupanda mchicha. Dereva alisikiliza, akasogeza kete, akasema, "Hili unampelekea mkeo au idara ya maji?"

"Ni shairi la mapenzi."

"Basi mapenzi yenyewe yanahitaji nakala tatu." Akacheka mpaka kete zikaanguka. Bwana Yahusu naye akacheka, lakini alirudi nyumbani na moyo mzito. Alijaribu drafti pia wiki ile, akafukuzwa kwa kutaka kila hatua iandikwe. Alijaribu mchicha, na Dereva akamkuta anauhesabu. Beti zilimkimbia kila alipokaa mezani. Yule kijana wa mwandiko uliolala upande alikuwa amekwenda wapi? Huenda alikuwa kwenye faili fulani, limefungwa mafundo mawili.

Siku ya kumi kabla ya mwezi kuisha, Mama Pacha alikuwa na sare za shule, mashati arobaini, kila shati vifungo saba. Macho yake hayakuwa kama zamani, na vifungo ndivyo vilivyomchosha.

"Unaweza kukaa hapa," akasema bila kumtazama, "kwa sharti moja. Utatia vifungo kwenye mashati, na mdomo nao uutie kifungo."

Bwana Yahusu akapewa kigoda, sindano na subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole. Shati la kwanza lilimchukua saa nzima. Alipomaliza aliinuka kwa fahari kulionyesha, na shati likainuka naye: alikuwa amelishonea kwenye suruali yake. Mama Pacha aliuma mdomo, akageukia dirishani, mabega yakawa yanamtikisika. Akachukua mkasi akamkata mumewe kutoka kwenye shati, kisha akamwonyesha: pitisha mara nne, zungusha mara tatu, piga fundo nyuma.

Fundo. Hapo uso wa mzee ukafunguka. Fundo alilijua.

Shati la kumi halikuwa baya. La ishirini Mama Pacha alilikagua, akaliweka kwenye rundo la yaliyo tayari bila kusema neno, na kwa Bwana Yahusu ile ilikuwa sifa kubwa kuliko zile hotuba mbili. Alianza kuamka akiwa na hamu ya vifungo. Ukimwambia mtu wa masjala kwamba uzeeni atapenda sindano atakuita mwendawazimu, lakini ndivyo ilivyokuwa, na hakuona haya. Alimwambia Dereva waziwazi, na Dereva akaleta koti lake lililopungukiwa vifungo tangu enzi za gari lake la kwanza.

Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umefungwa, masikio yakafunguka. Ilikuwa siku ya nne ya vifungo. Mama Pacha alikuwa anakunja upindo wa mikono ya mashati, akikanyaga cherehani, anasimama kugeuza kitambaa, anakanyaga tena. Bwana Yahusu akajikuta anahesabu, si kwa kutaka. Nane. Kimya kidogo. Nane. Kimya. Akainua kichwa. Mguu wa mkewe ulikuwa umekanyaga mizani ya shairi ndani ya nyumba ile kwa miaka thelathini na sita, na yeye alikuwa masjala.

Macho yakamlowa. Akasingizia uzi umemwingia jichoni.

"Uzi hauingii jichoni, Baba Pacha," mkewe akasema. "Unaingia kwenye tundu la sindano. Ndiyo maana hushoni vizuri."

Mzee akainamia kifungo. Alikuwa anashona na midomo inamcheza. Kila kifungo kilileta neno, jingine akalikata kwa meno pamoja na uzi. Kufika jioni ya siku iliyofuata alikuwa na mstari mmoja. Siku moja kabla ya mwezi kuisha alikuwa nayo minne, na hakuna mahali palipoandikwa "Yah:".

Sasa namna ya kumpa ndiyo ilimshinda. Kumsomea hakuweza, sauti ingemsaliti. Akafanya alichojua. Akachukua jalada jipya, akaweka ndani beti nne za zamani na karatasi ya ubeti mpya juu, akaacha nafasi pembeni kama desturi, na asubuhi ya siku ya mwisho akaliweka juu ya meza ya kukatia, pale ambapo bosi angeliona. Karatasi ilisema:

*Uzi ulipokatika, uliunga kwa subira,*
*Nguo iliporaruka, ulishona kwa hasira,*
*Leo nami nimeshika, sindano isiyo dira,*
*Wa tano umeshafika, kuchelewa si hasara.*

Halafu akakimbilia kwa Dereva kama mtoto aliyevunja sahani. Alikunywa chai vikombe vinne. Akashindwa drafti mara tano bila kudai kumbukumbu, mpaka Dereva akamuuliza kama ni mgonjwa.

"Leo mwezi unaisha," akasema.

"Basi nenda nyumbani, bwana. Hapa unanimalizia sukari."

Alirudi saa saba mchana. Tangu barabarani aliona dirisha la chumba cha mbele, na kwenye dirisha hakuona cherehani. Kwa hiyo amehama. Kwa hiyo ubeti ulikuwa mbaya, au ulikuwa mzuri na umechelewa, na kwa mtu anayengoja tofauti iko wapi? Akasukuma mlango polepole, kwa vile hakutaka kukiona chumba kitupu haraka.

Cherehani ilikuwepo. Ilikuwa imesogezwa upande, hatua mbili kutoka dirishani, na pale penye mwanga, mahali pa Mama Pacha pa miaka yote, palikuwa na kiti. Si kile kigoda. Kiti chenye mgongo, kile cha sebuleni, na mto juu yake. Juu ya mto kulikuwa na kopo la vifungo, na juu ya kopo lile jalada.

Mama Pacha alikuwa ameinama kwenye cherehani, anapitisha uzi kwenye sindano, na alikuwa anaupitisha kwa muda mrefu kuliko uzi wowote unavyohitaji.

"Mwanga ni wako," akasema. "Vifungo ndivyo vinavyotaka macho. Chumba cha kona nimewaambia wampe mtu mwingine."

Bwana Yahusu akafungua jalada. Pembeni ya ubeti, kwa wino mwekundu wa kalamu yake mwenyewe, kulikuwa na mwandiko wa mtu aliyezoea chaki ya kuchorea vitambaa kuliko kalamu. Hakuwahi kumfundisha mkewe lugha ile ya ofisi. Alikuwa ameisikia tu, kila jioni, kwa miaka thelathini na sita, kutoka kwa mtu aliyerudi nyumbani hana habari nyingine za kusimulia. Mzee akasoma akiwa amesimama.

*Umepokelewa. Umeonekana. Kuchelewa ni hasara, fundi wa vifungo asijidanganye. Wa sita uletwe. Faili lisifungwe.*

Akaketi. Akaitafuta ile kamba nyeupe mfukoni, aliyozoea kuibeba hata baada ya kustaafu, akaikata vipande kwa mkasi wa mkewe, akavitupa kwenye kapu la vitambaa. Cherehani ikaanza. Nane, kimya, nane, naye akachomeka uzi kwenye tundu la sindano kwa mara ya kwanza bila kukosea.