Mtihani Alioutunga Kamusi

Pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kamusi tangu enzi za mameneja watatu waliopita, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji: mtu wa kalamu nyekundu na miwani puani, anayepitia vitabu vya shule, ripoti za mwaka na kadi za mialiko kabla mashine hazijaanza kunguruma, ili kosa likamatwe mezani lisije likachapwa mara elfu tano. Kiingereza ndicho kilichokuwa uwanja wake. Maneno yale yanayofanana kama mapacha, ambayo hata wenye lugha yao huyachanganya, yeye aliyatenganisha huku akipiga miayo.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya mashine, chenye dirisha moja lililotazamana na ukuta. Nasema chao kwa sababu kazi ile haikuwa ya mtu mmoja. Upande wa pili wa meza aliketi mama mmoja mnene, mpole, waliyempachika jina la Redio, maana kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti kuanzia asubuhi hadi jioni. Yeye alishika nakala ya mwandishi, Kamusi akashika prufu. Redio alisoma, nukta na mkato vyote, Kamusi akafuata kwa kalamu. Miaka ishirini na miwili walikaa hivyo, magoti nusura yagusane chini ya meza. Walikuwa wamezikiana wazazi. Mmoja alimwita mwenzake kaka, mwingine akamwita dada, na hakuna aliyewatilia shaka.

Sasa, kusoma kwa sauti kuna balaa lake. Stationery ya karatasi na kalamu, na stationary ya gari lililosimama, zikitoka mdomoni ni kitu kimoja. Principal anayeongoza shule na principle, ile kanuni ambayo mtu mkaidi huishikilia, hivyo hivyo. Kwa hiyo wawili hawa walijitungia njia. Kamusi aliandika jozi zote za maneno hayo kwenye daftari, safu mbili. Neno likiwa la safu ya kwanza Redio aligonga meza mara moja, likiwa la safu ya pili akagonga mara mbili. Aliyajua yote kwa sura, herufi kwa herufi, kama mtu anavyowajua majirani wa mtaani bila kujua kazi zao. Maana zake hakuzijua wala hakuna aliyemuuliza.

"Hiyo ni kazi ya kichwa chako, kaka," alizoea kusema. "Mimi nimekodisha macho na koo tu."

Wakacheka, wakaendelea na ukurasa.

Meneja mpya alipokuja, alikuja na habari za viwango. Siku moja akamwita Kamusi ofisini, akamkaribisha kiti, akamvisha kilemba cha ukoka kikamfunika hadi masikio.

"Mzee wangu, nasikia hapa wewe ndiye mwenyewe. Nitungie mtihani. Maneno ya Kiingereza yanayochanganya watu, maswali arobaini. Nataka nijue tuko wapi."

Kamusi hakuuliza mtihani ulikuwa wa nini. Laiti angeuliza! Lakini mtu aliyekaa miaka chungu nzima akitazamana na ukuta, leo anaambiwa wewe ndiye mwenyewe, atauliza nini? Alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. Siku tatu alitunga, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubahatisha, alilifungua lile daftari akachagua jozi arobaini zilizokuwa ngumu kuliko zote. Kila jozi akaitungia sentensi yenye pengo, mtahiniwa achague neno moja kati ya mawili. Kazi ikatoka safi. Aliisoma na kuirudia kwa raha zake, wala hakumwambia Redio lolote, kwa kuwa alitaka amshtue kidogo, wapate cha kucheka.

Ijumaa asubuhi wote wanaogusa maandishi, watu kumi na mmoja ukimwacha Kamusi, walikusanywa kwenye chumba cha kukunjia karatasi. Meneja akasimama akasoma tangazo. Kiwanda kinapunguza watu. Atakayepata chini ya nusu, mwisho wa mwezi aage. Mtungaji hatafanya mtihani, atausimamia.

Kamusi akaziweka chini karatasi za mtihani. Akamfuata meneja pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Meneja, yule mama ni msomaji tu. Kazi yake haimtaki ajue maana."

"Anagusa maandishi au hagusi?"

"Anagusa, lakini..."

"Basi mzee wangu, tusianze upendeleo. Gawa karatasi."

Akagawa. Redio aliipokea yake kwa mikono miwili, akamtazama kwa jicho la kuuliza, Kamusi akapita kwa aliyefuata. Mume wake alikuwa na mwaka wa nne kitini, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi tena, na nyumba nzima ilisimama kwa mshahara wa huyu mama. Mle ndani hakuna aliyelijua hilo kuliko Kamusi. Ndiye aliyesaidia kumbeba mgonjwa siku alipoanguka.

Hazikupita dakika tano, Redio akainua uso. Alikuwa ameyatambua maneno yale. Jozi zote arobaini zilitoka kwenye daftari lao, na kila neno alijua ni la kugonga mara moja au mara mbili. Lipi liingie kwenye pengo, hapo ndipo alipokwama. Na hapo ndipo Kamusi naye alipoona alichokifanya. Alikuwa amekusanya, kwa mkono wake mwenyewe, yale yote ambayo dada yake huyu hakuwahi kuhitaji kuyajua kwa sababu yeye alikuwepo. Mtu mwenye chuki asingeweza kumtegea mtego uliomkaa vizuri namna ile.

Kisha Redio akaweka kidole juu ya swali la kwanza, akamkazia macho, akangoja. Hakuomba kitu cha ajabu. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyegonga na Kamusi akasikia. Leo alitaka kaka agonge, yeye asikie. Mara moja au mara mbili, kwa ncha ya kidole, kwenye meza iliyokuwa pale pale ubavuni kwa Kamusi. Meneja alikuwa nyuma, amezama kwenye simu yake. Wengine wangedhani mzee ana mazoea ya kuchezesha vidole.

Kamusi akatia mikono mfukoni.

Alijiambia ni haki. Wapo wenzake kumi, alijiambia, nao wana watoto. Akimgongea mmoja atakuwa amewadhulumu wale. Na maneno hayo yalikuwa ya kweli, nani atayapinga? Lakini tusifichane. Moyoni mwake palikuwa na kitu kingine, kidogo na kibaya, ambacho siku zilizofuata alikiona akakionea haya. Mtihani ule ulikuwa mzuri. Kilikuwa ndicho kitu cha kwanza alichowahi kutunga, yeye aliyemaliza ujana akisahihisha vya watu, na hakutaka uchafuliwe.

Redio alingoja muda wa kutosha kusoma ukurasa mmoja. Halafu akainama, akaanza kuweka alama haraka haraka, alama za mtu anayebahatisha.

Kusahihisha akapewa Kamusi, nani mwingine? Karani wa mapokezi, ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza kwenye televisheni, alipata ishirini na tatu. Karatasi ya Redio aliihesabu mara tatu. Kumi na saba. Alikaa nayo mezani kitambo, kalamu mkononi, akijua kwamba alama tatu si kitu na kwamba hakuna atakayekagua. Akaandika kumi na saba, akaizungushia duara.

Jumatatu alipiga moyo konde akaenda ofisini. "Meneja, yule mama ndiye macho yangu. Bila yeye mimi si kitu."

"Mzee wangu, mtihani si umeutunga wewe?" meneja akamjibu, tena kwa upole. "Na umetulia kweli kweli. Mwakani tutautumia tena."

Siku zilizobaki Redio alisoma kama kawaida, nukta na mkato, akagonga palipotakiwa kugongwa. Hakuchelewa hata siku moja. Ila hakumwambia Kamusi neno lolote ambalo halikuwa ndani ya nakala. Kamusi alianzisha mazungumzo mara mbili tatu, habari za mgonjwa, habari za mvua, akajibiwa kwa kugeuziwa ukurasa. Siku ya mwisho Redio aliondoka mchana, wakati Kamusi amepeleka prufu kwa mafundi, akaacha kwenye droo shali yake, kikombe na miwani ya akiba.

Jumamosi Kamusi alivitia vitu hivyo kwenye mfuko, akaenda nyumbani kwa Redio. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kuomba radhi, akiyafuta, akiyapanga upya. Alipobisha hodi, Redio alifungua mlango nusu, mikono yake ina povu la sabuni. Kutoka ndani ikasikika sauti nzito ya mumewe, ya ulimi uliolemaa.

"Nani huyo? Ni kaka yako?"

Kamusi alikuwa amekwisha fungua mdomo amsalimie mgonjwa. Redio akajifuta mikono kwenye kanga, akaupokea mfuko, akamtazama usoni bila hasira yoyote.

"Hapana," akamjibu mumewe. "Ni mtu wa kazini, ameleta vitu."

Kisha akamwambia Kamusi asante bwana, akafunga mlango.