Povu Katika Oili

Oili ya injini ikidondoshwa juu ya bati la moto hutoa harufu nzito, chungu kidogo, inayobaki puani hata baada ya kula. Nyumba yetu ya Kamembe ilikuwa na harufu hiyo siku zote, kwa sababu garaji ya Papa ilikuwa uani, hatua chache kutoka jikoni kwa Mama. Mashuka yalinuka oili, madaftari yangu yalinuka oili, na mwalimu alijua kazi yangu kabla hajasoma jina. Kutoka uani tuliiona Bukavu ng'ambo ya maji, mabati yake yakimeta. Wazazi wangu walikulia huko, tukahamia Rwanda baada ya vita vya huku Rwanda kwisha, nikiwa na miaka saba. Nilipokuwa na kumi na mmoja, milio ya bunduki ikaanza upande ule. Mwanzoni ilikuwa kama mtu anayeangusha mbao mbali sana. Papa akaacha kufungua redio mbele yangu, na Mama akazoea kusimama uani na ungo mkononi, akitazama ng'ambo kana kwamba amesahau alichotoka kukifanya.

Kiangazi hicho Mzee Anselme, mfanyabiashara wa mchele, alimletea Papa pikapu yake nyeupe. Kila ilipopanda kutoka Bugarama na magunia, ilihema kama mgonjwa wa pumu. Mzee alikuwa amepata kompresa iliyotolewa katika gari lililopinduka: chuma kizito kinachozungushwa na mkanda wa injini, kikisukuma hewa ndani kwa nguvu ili injini ipate pumzi zaidi. Papa aliifunga kwa wiki mbili, akisaidiwa na Tonton Faustin, mdogo wake Mama, aliyekuwa akiishi nasi. Faustin alipiga mluzi tangu asubuhi, na ndiye aliyenifundisha kuzijua spana kwa kuzishika tu, macho yamefumbwa. Kompresa ilipokaa mahali pake, kijiti cha kupimia oili hakikupita tena. Faustin akachukua kijiti cha lile gari lililopinduka, akakisukuma kwa kidole gumba mpaka kikatulia, kisha akajaza oili hadi kwenye alama yake. Siku ya majaribio walinichukua hadi Bugarama, kwenye joto na mashamba ya mpunga, na wakati wa kurudi pikapu ilipanda mlima kama isiyobeba kitu. Kompresa ililia mlio mwembamba, kama mbwa aliyefungiwa nje. Faustin alicheka njia nzima. Papa hakucheka, alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza.

Siku ya tatu alifungua kifuniko cha oili, nami nikachungulia chini ya mkono wake. Ndani mlikuwa na povu la rangi ya kahawa yenye maziwa, limejaa hadi mdomoni. Taa nyekundu ya oili nayo ilikuwa imeanza kupepesa kila injini ilipopata moto. "Hii ni mubaya," Papa alisema, na sauti yake ilishuka kama mtu aliyegusa paji la uso la mtoto mwenye homa.

Asubuhi hiyohiyo mwanamke mmoja aliyevuka kwa miguu kutoka Bukavu alitufikia na ujumbe. Majirani wa Koko, mama yake Mama, aliyeishi Walungu, milimani nyuma ya Bukavu, walikuwa wameanza kuhama, na nyumba mbili za watu wenye asili ya Rwanda kama sisi zilikuwa zimechomwa. Koko alikuwa na mguu uliooza kwa kisukari, hata kufika chooni alishikwa mkono. Mpaka wa Rusizi ulikuwa ukifunguliwa asubuhi na kufungwa bila taarifa. Faustin alikwenda kwa Mzee Anselme kuomba pikapu ya kumleta Koko, na mzee hakusita. "Gari ni chuma," alisema. "Mama ni mama. Muende." Lilikuwa limebaki neno la Papa tu.

Papa hakukataa, alisema anataka kujua kwanza gari lina nini. Alinieleza kila hatua, labda ili asilazimike kutazamana na Mama. Povu linatokana na maji au na hewa. Kama ni maji, gasketi, ile karatasi inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imeungua na gari halifiki popote. Aliweka kipande cha bati juu ya jiko la makaa, akadondosha oili tone moja. Kama ingekuwa na maji ingechachatika na kuruka. Haikuchachatika, ilitoa moshi tu na harufu ile. Akafungua rejeta, tangi la maji ya kupoza injini: maji safi, hayana utando wa mafuta. Mwisho akajaza povu katika chupa ya soda, akanikabidhi. "Furaha, ukae hapa. Uniambie kama itashuka." Nilikaa juu ya tairi nikiitazama chupa huku ng'ambo mbao zikiendelea kuanguka, sasa karibu zaidi. Viputo vilipanda kimojakimoja na kupasuka, na baada ya muda kama wa misa fupi, chupa ilikuwa na oili nyeusi, tulivu, isiyo na povu. Nilipiga kelele kwa furaha. Papa akatikisa kichwa. "Ni hewa. Sasa hewa inaingia wapi? Oili yenye hewa haishiki chuma. Itapanda mlima mmoja, wa pili itakufa."

"Shemeji, mimi nitaendesha polepole," Faustin alisema.

"Unipe mpaka kesho. Kawia ufike."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hakuipaza. "Papa Furaha, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama yangu hana miguu."

Papa alinawa mikono, akasema anakwenda kwa fundi mwenzake karibu na uwanja wa ndege kuazima kipimo cha presha ya oili, na kwamba gari lisitoke. Ufunguo wa geti aliuacha kwangu, kama kawaida yake. Hakuwa amefika hata kwenye barabara kubwa Faustin alipopanda nyuma ya usukani. Mama alipitisha dirishani blanketi, chupa ya maji na ndizi zilizofungwa kitambaani. Kisha wote wawili wakanigeukia.

"Fungula, mwanangu," Faustin alisema. Hakuwa akipiga mluzi.

Nilimtazama Mama. Alifumba macho. Nikafungua. Pikapu ikateremka ikiacha moshi wa buluu, na ule mlio mwembamba tuliusikia mpaka kona ya kanisa.

Papa alirudi mbio. Kipimo hakikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameshika kijiti cha kupimia oili, kirefu. Kwa mwenzake alikuta injini kama ile ya pikapu, akachomoa kijiti chake na kuona papo hapo kwamba kile chetu cha kuokoteza kilikuwa kifupi kwa vidole viwili. Kijiti kifupi hudanganya: kilisema oili inatosha wakati imezidi sana, hata kranki, ule mhimili wa chini ya injini, ikawa inaipiga inapozunguka, kama mwiko unavyopiga mayai, mpaka inakuwa povu. Haya yote alinieleza baadaye. Wakati ule aliuliza tu, "Iko wapi?" Nikaonyesha barabara. Aliangalia geti lililo wazi, akaangalia ufunguo shingoni mwangu, akachukua baiskeli ya Faustin na kuondoka. Alipofika mpakani pikapu ilikuwa imekwisha kuvuka, na askari hawakumruhusu kufuata. Kabla ya saa saba mchana mpaka ulifungwa.

Siku tisa zilipita. Mama alipika kwa watu watano kila siku ingawa tulikuwa watatu. Siku ya kumi mpagazi mmoja, kati ya wale wanaobeba mizigo ya wafanyabiashara Rusizi, alipanda hadi kwetu akiwa na Koko mgongoni, amefungwa kwa kitenge kama mtoto. Mguu wake ulinuka, lakini akili ilikuwa nzima. Alitueleza kwamba Faustin alifika Walungu siku ileile na kumpakia. Mlima wa kwanza waliupanda. Kwenye wa pili taa nyekundu iliwaka ikagoma kuzima, injini ikagonga kama nyundo, ikakaza, ikanyamaza. Watu waliokuwa wakikimbia walipita na baiskeli; Faustin aliwasihi mpaka wakampakia Koko. Yeye alibaki.

"Nilimwambia tuende," Koko alisema. "Akaniambia, 'Hii ni gari ya mutu, na Shemeji ataniuliza.' Akakaa pale kwenye kivuli cha gari."

Hatukumwona tena. Papa alivuka mara tatu, miezi iliyofuata, hali ilipotulia, akarudi mara tatu bila hata habari ya pikapu. Mzee Anselme hakuidai kamwe. Alikuja kuomboleza nasi akiwa na gunia la mchele. Koko aliishi nasi miaka minne. Papa hakuniuliza hata siku moja kuhusu geti. Ila mara moja, nikiwa tayari msichana mkubwa, tukibadilisha oili ya gari la mteja, alisimama ghafla, akasema bila kunitazama: "Ningetoa lita mbili tu za ile oili, Furaha. Kazi ya dakika kumi. Mama yako asijue."

Papa amekwisha kufa. Leo barabara ya Bugarama ni lami laini, na mimi huvuka kwenda Bukavu kununua vitenge na kurudi kabla chakula cha mchana hakijapoa, ingawa ng'ambo habari mbaya hazijaisha. Vijana wa garaji za Kamembe huchomeka waya chini ya usukani, kioo cha kompyuta kikawaambia ugonjwa wa gari kabla hujamaliza kuwasalimia. Nawatazama kwa wivu. Mama bado yuko, macho yake yameingia ukungu, na katika miezi ya kiangazi huniuliza swali lilelile, kwa upole, kama anayeuliza bei ya nyanya: "Hivi ile gari ilikuwa na nini?"

Nami humjibu kila mara, "Ilikuwa imezeeka tu, Mama. Hakuna ambaye angeiweza."