Viti vya Nyuma vya Dabo Kebini

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza gari. Niliketi ndani ya gari. Meneja wa Mauzo, mtu mfupi aliyevaa tai hata mwezi wa Februari jua linapoichoma Moshi mjini, alinifungulia mlango wa nyuma wa pikapu ndogo yenye viti vitano akasema, "Ingia. Usitoke mpaka nikuite." Nikaketi karibu saa nzima. Magoti yalisukuma kiti cha mbele, na mgongo ulisimama wima kama niko kwenye benchi la kanisa. Aliporudi aliniuliza nimejifunza nini.

"Magoti yanauma, Meneja."

"Basi hivyo viti ni vya nani?"

"Vya watoto."

"Na watoto hufanya nini?"

Nilidhani ananitega. Nikajibu kwamba watoto hucheza.

"Watoto hukua, bwana. Hilo ndilo somo. Sasa toka ukafute vumbi, umenichafulia gari."

Nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa kijana, sina mke, nimetoka shule ya ufundi ya misheni nikizijua injini kuliko nilivyowajua watu. Nilipanga chumba mtaa wa Soweto, hapo hapo Moshi, na kila asubuhi nilimshukuru Mungu kwa kazi ya kivulini. Sikujua kwamba somo lile lingenisubiri miaka yote.

Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mnauza kwa picha za simu. Sisi tuliuza kwa miguu. Tulimtembeza mteja kulizunguka gari mpaka achoke yeye au tuchoke sisi. Sitataja majina ya viwanda, maana hata wateja hawakuyatumia sana. Pikapu tuliyoiuza sisi waliiita Punda. Ile ya washindani wetu, yadi ya ng'ambo ya barabara, waliiita Bibi Harusi. Zote mbili zilikuwa ndogo, za kuweza kupita njia za vihambani, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba zetu, kati ya migomba na ua wa masale, ambako lori haligeuki.

Tofauti ilikuwa chini. Punda alikuwa na springi za bapa, yaani vyuma vilivyolaliana kimoja juu ya kingine. Akiwa mtupu anaruka kama mbuzi. Mpakie mikungu thelathini ya ndizi, anatulia kama mzee wa kanisa. Bibi Harusi alikuwa na springi za mzunguko, kama za kitanda. Akiwa mtupu unaweza kushika kikombe cha chai ndani yake bila kumwaga. Mpakie mikungu ile ile, anainama nyuma mpaka uvungu unakwaruza mawe. Kwa hiyo Bibi Harusi alinunuliwa na walimu wakuu, waganga, na watu wa kupandisha wageni mlimani, ambao mzigo wao ni mahema na magodoro mepesi. Punda alinunuliwa na wakulima, wenye ng'ombe wa maziwa na wakusanyaji wa kahawa.

Kisha kila mmoja alikuwa na sura mbili. Singo kebini ina viti vya mbele tu na bodi ndefu ya mzigo. Dabo kebini ina viti vya nyuma na bodi fupi. Urefu wa gari zima haubadiliki sana, hivyo kila kiti unachoongeza ndani unakikata kwenye bodi. Meneja alitukataza kumuuliza mteja anabeba nini, kwa sababu kila mtu anakijua anachopeleka sokoni. Alitaka tuulize, "Unarudi na nini?" Hapo mtu husimama akafikiri, na hapo ndipo gari lake linapojulikana.

Baada ya miaka michache niliona jambo ambalo halikuwamo kwenye vijitabu vya kiwanda. Dabo kebini ndogo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye watoto wadogo. Lakini huku mlimani mwenye watoto wadogo analipa karo. Gari hana ubavu nalo. Anapopata ubavu, watoto wako Dar es Salaam au ng'ambo, na magoti yao hayaenei tena pale nyuma.

Nilipelekwa mji wa Mkuu, wilayani Rombo, kwenye tawi lililokuwa na chumba kimoja na gari moja la maonyesho. Mkuu wa Tawi alikuwa mtu wa maneno machache mno. Kuna wiki tulisalimiana Jumatatu, na neno lililofuata likawa la kuagana Ijumaa. Siku za soko tulipata watu. Siku nyingine nilisikiliza mvua. Huko nilijifunza udongo. Pikapu inayosukumwa na tairi za nyuma, ikiwa tupu kwenye utelezi, inacheza kama samaki, kwa hiyo niliwashauri wateja waweke mawe kwenye bodi kuipa uzito. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi alirudi kunilalamikia. "Bwana Elinami, mawe yako yameniletea taabu. Kila ninaposimama watu wananiuliza bei!" Nadhani hicho ndicho kicheko pekee nilichokisikia kwa Mkuu wa Tawi.

Nikarudishwa Moshi kuwa Msaidizi wa Meneja. Wakati huo ndipo nilipouza gari ambalo, kati ya yote, ndilo linalonirudia.

Alikuja Mzee Aikaeli kutoka Mwika pamoja na mke wake, Mama Ndeshi. Walisema wenyewe kwamba wanakuja kununua gari lao la kwanza na la mwisho. Niliwapa shikamoo, wakaitikia, nikauliza swali letu: wanarudi na nini?

"Majani," akajibu Mama Ndeshi kabla mumewe hajafungua kinywa. "Majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Nina ng'ombe watatu na mgongo mmoja. Nataka bodi ndefu niteremke mara moja kwa wiki, basi."

"Tunarudi na watoto," akasema Mzee Aikaeli. "Desemba wanashuka stendi hapa na mabegi yao. Nitawapanga nyuma wote watatu."

"Watoto gani? Ndeshi ana mwili kunizidi. Utamkunja?"

"Atakaa. Ni mtoto wangu."

"Baba Ndeshi, viti viwili vinatutosha. Mimi na wewe."

Mzee aligeuza uso akatazama ng'ambo ya barabara, Bibi Harusi walikopangwa wanang'aa. "Kama hapa dabo kebini ni shida," akasema taratibu, "kule ipo."

Meneja alikuwa nyuma ya kioo cha ofisi, ameinua nyusi. Mama Ndeshi akanigeukia. "Wewe mwanangu ndiye unayeyajua magari. Sema. Letu ni lipi?"

Nililijua jibu. Majani ni mepesi lakini yanajaza nafasi, na bodi fupi ingemteremsha tambarare mara mbili kwa wiki badala ya mara moja. Nilijua pia kwamba wale watoto walikuwa watu wazima. Lakini nilimwona mzee amesimama mguu mmoja ndani, mmoja nje, nikamwona na Meneja.

"Mama," nikasema, "yote ni mazuri."

Alinitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyokatika. Waliondoka na dabo kebini, mzee akiendesha wima kama askari, na Meneja akanipiga bega. "Umetumia hekima," akaniambia. Nami nililiita jambo lile hekima kwa muda mrefu.

Ikapita miaka kumi na moja. Meneja alistaafu, akaja mwingine, naye akahamishwa. Nilimzika mke wangu. Binti yetu wa pekee, Aneth, aliolewa Dar es Salaam. Nilizoea kula nimesimama, maana kuandaa meza kwa sahani moja kulinishinda. Simlalamikii Mungu. Alinipa miaka mingi mizuri, na subira ya kuipitia ile mingine.

Ndipo asubuhi moja likaingia yadini gari ninalolijua, linaendeshwa na jirani, na Mama Ndeshi ameketi kando yake na kitenge cheusi. Nikakimbilia mlango.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Yote ni mazuri, eh?"

Nilikosa pa kutazama. Nikamuuliza habari za mzee, ingawa kitenge kilikwisha kunijibu.

"Mwezi wa tatu sasa tangu tumlaze kihambani. Nimekuja kubadilisha. Likague, usinionee haya."

Nilikagua kama nilivyofundishwa. Klachi imechoka, usukani umelainika kwa viganja, kiti cha dereva kimechanika na kushonwa kwa uzi wa gunia. Kisha nikafungua mlango wa nyuma. Viti vyote vilikuwa bado na nailoni ya kiwandani, safi, bila mkunjo.

"Watoto hawakuja?" nikauliza.

"Walikuja. Desemba karibu zote." Akacheka kidogo. "Kila mmoja na gari lake. Uani magari manne, kuku hana pa kupita. Mzee anawaambia, twendeni kanisani na la kwangu. Nao wanamwambia, pumzika, Baba, tutakuendesha sisi."

Nikaufunga ule mlango. Nikamwambia, "Mama, siku ile uliniomba ukweli nikakunyima. Umeteremka tambarare mara mbili kwa wiki miaka yote hii kwa sababu yangu. Naomba unisamehe."

Mama Ndeshi akaugusa ule mlango. "Kuteremka nimeteremka. Lakini lile gari halikumkosea mume wangu. Kila Jumamosi alivifuta vile viti kwa kitambaa chenye maji, mimi namtazama kutoka jikoni. Ungesema ukweli, angevuka barabara akanunua vingine kama hivyo. Hilo nalijua."

"Basi nilikukosea nini, Mama?"

"Uliniacha peke yangu. Tulikuwa wawili tunaojua, ukajitoa. Nikaonekana mke mbishi asiyewataka watoto wake nyumbani." Akanyoosha kitenge. "Nimekusamehe. Sasa nakuuliza tena, na leo hakuna wa kuvuka barabara. Langu ni lipi?"

"Singo kebini, Mama. Punda, bodi ndefu, viti viwili."

Akatikisa kichwa polepole. "Sasa hata viwili ni vingi."

Nilistaafu mwaka ule ule. Wenzangu waliniandalia soda na keki, na Meneja mpya, kijana mwenye heshima, aliuliza kama kuna gari ninalolitaka kabla sijaondoka. Nikamwonyesha lile dabo kebini lililorudi. Akafikiri natania.

"Mzee Elinami! Wewe ndiye uliyetufundisha. Haya, unarudi na nini?"

Wakacheka wote, nami nikacheka nao. Kama ningekuja yadini nikiwa mteja, mgane mwenye ng'ombe mmoja na migomba michache, ningejiuzia singo kebini bila kupepesa macho. Au kirikuu, kile kigari kidogo cha mzigo ambacho vijana wanakipenda sasa, na wana haki. Nikanunua viti vitano.

Sasa naishi kwenye kihamba cha baba yangu, juu kidogo ya Mwika. Majani nayafuata tambarare mara mbili kwa wiki. Mara nyingine njiani napishana na Mama Ndeshi; ameajiri dereva, na ananipungia mkono juu ya shehena inayomtosha wiki nzima. Jumapili naegesha gari uani mwa kanisa na kushuka peke yangu. Jumamosi nachukua kitambaa chenye maji. Sikupanga iwe hivyo. Nilikuta mkono unafanya.

Mkiwa kazini, mzee akija akataka viti vingi kuliko watu alio nao, msimcheke, wala msimdanganye. Mwambieni ukweli wa springi na wa bodi, na kama pembeni yake kuna mtu anayeusema ukweli huo, msimwache auseme peke yake. Kisha mwacheni anunue anachokitaka. Kuna vitu ambavyo mtu hanunui ili avitumie.

Wiki iliyopita Aneth alipiga simu kuniambia atakuja Desemba na watoto wake wawili.

"Usihangaike na stendi, Baba. Nitakuja na gari langu."

Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema vizuri, mwanangu, vyovyote ni vizuri. Nikamkumbuka Mama Ndeshi.

"Aneth," nikasema, "liache gari lako. Pandeni basi. Nataka niwapokee stendi."

"Baba! Basi? Na watoto, na mabegi yote haya?"

"Mabegi yana bodi. Watoto wana viti."

"Si ulisema vile viti vya nyuma vinabana?"

"Vinawabana wakubwa. Yule kaka ana miaka sita, mdogo wake minne. Mwaka huu wanaenea. Mwaka ujao sijui."

"Haya, Baba," akasema. "Ngoja niongee na baba yao. Nitakwambia."

Hajaniambia bado. Jumamosi nimefuta vumbi kama kawaida. Nailoni sijaitoa, lakini mkasi nimeuweka kwenye dashibodi.