Uzi wa Bibi Mlangoni pa Eksirei

Nilimwambia bibi kwamba mashine ya eksirei itamkata uzi wa ukoo. Mimi huyu, mtoto wa sayansi, kidato cha tano, somo likiwa bado la moto kichwani.

Kwetu Kenyamonta, bibi mzaa baba huniita mume wangu, na nina ruhusa ya kumtania hata mbele ya wageni. Siku hiyo ng'ombe alikuwa amempiga teke akimkamua, kifundo cha mguu kikavimba kama boga. Mama akahangaikia usafiri wa kumpeleka hospitali asubuhi. Mimi nikahangaikia utani.

"Mke wangu, kwenye kila chembe ya mwili kuna kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa. Ndiyo inayosema wewe ni wa nani. Mionzi inaikata. Halafu maji ya majivu unayopikia mboga ni alkali, yanaisokotoa kabisa. Ukirudi huku utakuwa mgeni."

Alicheka. Nikajua yameisha.

Kesho yake, mlangoni pa chumba cha eksirei, bibi alishika fremu kwa mikono miwili.

"Siingii," alimwambia mpiga picha. "Mimi nilitolewa mahari ya ng'ombe nikaletwa kwa watu hawa. Uzi ukikatika, kwetu watadaiwa ng'ombe wale warudi. Watawatoa wapi?"

Nilisubiri acheke. Hakucheka.

"Nani kakwambia?" mama aliuliza.

"Mume wangu. Amesoma."

Nimedanganya watu wengi maishani, ila hakuna aliyewahi kuniamini akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Bila picha sijui mfupa umekaaje," mpiga picha alisema. "Ukiunga vibaya, bibi, hutatembea vizuri tena." Akamwita mgonjwa mwingine.

Nilipiga magoti. Neno mke lilinikwama.

"Bibi, kukatika kweli hukatika. Lakini unajua kamba ya ndama, uzi mmoja ukikatika unaufuata ule mwingine unaunga? Mwili nao huunga hivyo, kila siku. Zikikatika zote mbili mahali pamoja ndipo kazi huwa ngumu, na picha moja ya mguu ni mionzi kidogo sana."

"Na majivu?"

"Alkali inayosokotoa nyuzi ni kali, ya maabara. Wanaitia kwenye chembe zilizo ndani ya chupa, nyuzi zinaachana, wanaona palipokatika. Majivu ya mboga yakifika tumboni yanakutana na uchachu, yanaisha nguvu."

"Mbona yule kijana mpiga picha anajificha nyuma ya ukuta?"

"Wewe unapigwa leo tu. Yeye angepigwa na kila mgonjwa, kila siku."

"Kutania unajua. Haya nayo unayajua?"

"Haya nayajua, bibi."

Aliachia mkono mmoja. Halafu wa pili.

Mfupa ulikuwa umepasuka. Akafungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka karibu na goti, akarudi akiwa bibi yuleyule, ukoo uleule. Tulipomlaza bibi kitandani, mama akanikabidhi ndoo ya kukamulia na beseni la kuogea.

"Si wewe ndiye mume wake?" alisema. "Basi mpaka hogo litoke, ng'ombe wake utakamua wewe, maji yake utachemsha wewe, na usiku akiita utaamka wewe. Na siku ukitaka kumfundisha tena, anza na mimi."