Mkono wa Kulia wa Emji

Wabwile alizaliwa karibu na Kimilili, miaka michache kabla ya nzige kufunika mashamba yetu. Alisoma mpaka akaweza kuandika jina lake na kufuata Injili kwa kidole, kisha akapanda kwenda Kitale kutafuta kazi kama wengine wa rika lake. Alipalilia mahindi ya watu, akabeba magunia stoo. Alikuwa na mikono mirefu sana. Naitaja mapema hiyo mikono kwa sababu ndiyo iliyompatia kazi nyingine.

Mwaka wa 1952 mkaguzi mmoja wa mahindi, mzungu tuliyemwita Bwana Ndevu, alinunua gari kwa Mbelgiji aliyekuja nalo kutoka Kongo kupitia Uganda. Lilikuwa emji, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, viti viwili tu, paa la turubai, na tairi la spea limebebwa mgongoni kama mtoto. Kitale emji nyingine zilikuwapo, watu walikuwa wamezizoea. Hii usukani wake ulikuwa kushoto.

Kule Kongo magari hupita upande wa kulia, kwa hiyo gari hilo liliundwa hivyo kwa ajili ya nchi kama hizo. Lakini wazungu wa Kitale walikuwa hawajaona emji ya namna hiyo, wakabisha. Walisema ni fundi fulani wa Kongo aliyehamisha usukani. Bwana Ndevu alikuwa anawaambia, haya, tafuteni kiraka. Nao wanainama, wanapapasa ule ubao wa mbele wenye saa za vipimo. Saa zote zimekaa kushoto mbele ya dereva, kisanduku cha glavu kiko kulia, na ubao hauna tundu lililozibwa popote. Mita inahesabu kilomita badala ya maili. Basi wanasimama wakipangusa magoti, wanakubali kwamba gari limezaliwa hivyo.

Kubishana na wenzake kulikuwa rahisi. Barabara ndiyo ilikuwa ngumu. Siku zile dereva akitaka kukata kulia alitoa mkono nje upande wa kulia, na Bwana Ndevu amekaa kushoto. Tena akiwa nyuma ya lori kwenye vumbi haoni mbele kama kuna kitu kinakuja. Ndipo akamtoa Wabwile stoo, akamkalisha kiti cha kulia. Bwana akisema "Kulia," Wabwile ananyoosha mkono. Bwana akiuliza "Njia iko?" Wabwile anachungulia mbele ya lori, na jibu lake ni mojawapo ya mawili: "Bado," au "Nenda."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, Kitale hadi Bungoma na kurudi.

Sasa, pale Kamukuywa palikuwa na Mzee Khaemba, mwenye mashine ya posho kando ya barabara. Binti yake Nanyama na Wabwile walikuwa wamependana, lakini mzee alikuwa amesema wazi kwamba binti yake haolewi na kibarua. Siku moja akaona emji inapita, na kijana yule amekaa kulia, mahali pa dereva, mkono nje, kofia imewekwa upande. Mzee alisimamisha mashine.

"Kumbe ni dereva," akawaambia waliokuja kusaga. "Tena wa mzungu. Mzungu mwenyewe amekaa tu kando."

Toka siku hiyo akakubali maneno ya ndoa, na akatangaza soko zima. Wabwile hakuwa amesema uongo wowote. Alinyamaza tu.

"Mwambie baba," Nanyama alikuwa anamhimiza. "Asije akasikia kwa watu."

"Nitamwambia."

"Lini? Watoto wakishaenda shule?"

Alikuwa bado anatafuta maneno siku polisi aliposimamisha emji, na aliisimamisha mbele ya ile mashine ya posho. Konstebo Kimaiyo alikuwa mgeni pale. Akaja moja kwa moja upande wa kulia.

"Leseni."

"Afande, mimi sina leseni."

"Huna? Na unaendesha?"

"Siendeshi, afande. Dereva ni yule."

Konstebo akachungulia, akaona usukani ulipo, akazunguka gari polepole. Bwana Ndevu akamwonyesha leseni yake. Konstebo aliirudisha, lakini hakuondoka. "Sasa wewe hapa unafanya nini?" akamuuliza Wabwile.

"Natoa mkono."

Waliokuwa na magunia yao pale kwa mashine walicheka mpaka unga ukawaruka. Mzee Khaemba hakucheka. Alikuja akiwa mweupe wa unga hadi kope.

"Kijana, ulinidanganya."

"Sikudanganya, Mzee. Ulinikuta nimekaa."

"Ati ulikaa! Hata mimi naweza kukaa. Basi ile habari ya Nanyama imekwisha. Siwezi kumpa binti mtu wa kukaa."

"Mzee, mimi ndiye macho ya hili gari."

"Mzungu ana macho yake mawili. Si nayaona?"

Bwana Ndevu alikuwa anakwenda njia panda ya Kimilili kuangalia stoo moja, na angerudi mara hiyo. Akapiga kile kiti kwa kiganja. "Mzee, kuja. Kaa hapa. Wabwile, wewe baki."

Mzee alipanda. Hakuna aliyemweleza lolote, na nadhani asingesikia. Wakaondoka, vumbi likabaki. Wabwile alikaa juu ya gunia, Nanyama akasimama karibu naye. Alijua kwamba kwa neno la baba yake mambo yao yameishia hapo.

Waliporudi hawakurudi kwa mbio. Emji ilikuwa inavutwa na ng'ombe, imefungwa kwa mnyororo nyuma ya gari la kuni. Bwana Ndevu ameshika usukani, ndevu zina matope. Mzee Khaemba yuko kwenye kiti chake, ameshika mlango kwa mikono yote miwili.

Wakamteremsha. Nanyama akamletea maji.

"Baba, imekuwaje?"

"Tulikuwa nyuma ya lori," mzee akasema. "Vumbi tupu. Huyu bwana akaniuliza, njia iko? Nikamwambia iko. Si iko? Iko tangu tulipoilima sisi wenyewe. Basi akatoka nyuma ya lori, na hawa ng'ombe hawa hapa, pembe ziko usoni kwangu. Tukaingia mtaroni."

Alikunywa maji yote. Kisha akamgeukia Wabwile.

"Wewe akikuuliza hivyo, unajibu nini?"

"Nasema bado, Mzee. Mpaka nione."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Kutoka Kitale hadi Bungoma," mzee akasema peke yake, kama mtu anayepima gunia kwa macho. Akarudi kuwasha mashine. Jioni ile akatuma mtu kuwaambia wazee wa upande wa Wabwile waje siku waliyopatana. Mmoja wa wajomba alipouliza kijana anafanya kazi gani, ni mzee mwenyewe aliyejibu. "Anaona," alisema. "Endeleeni."

Walioana mwaka uliofuata. Bwana Ndevu alitoa gari limpeleke bibi harusi kanisani, na kwa kuwa viti ni viwili na dereva ni yeye, Nanyama ndiye aliyekaa kulia. Wabwile alikuwa amemfundisha wiki nzima. Pale njia panda watu waliona mkono wenye glavu nyeupe umenyooka sawasawa, na habari ikafika kanisani kabla ya gari: binti ya Khaemba anakuja, na anaendesha mwenyewe. Wabwile alikuwa mlangoni anangoja. Hakuwasahihisha.