Kipa Aliyeondoka Bila Mwenyeji

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, tuliyofungwa mbili kwa moja hapa hapa mtaani Buyenzi, na mpaka leo nikipita karibu na kile kiwanja hunyamaza kidogo. Si kwa ajili ya kufungwa. Kufungwa nimefungwa mara nyingi, na timu yetu ilikuwa na beki mmoja ambaye hata mbuzi angempiga chenga. Nanyamaza kwa ajili ya maneno matatu niliyoyasema baada ya filimbi ya mwisho.

Juzi nilikuona ukitia saini ile karatasi ya kanuni za klabu, wewe kapteni mpya, huku unacheka na wenzako. Usimtukane mwenzako. Mchezo umalizwe kwa saa iliyopangwa. Hakuna mchezaji kurudi nyumbani peke yake. Nikakusikia ukisema kwamba hizo ni sheria za watoto wa chekechea. Sikukasirika. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo, tena nikiwa na miaka kumi na tisa na meno yangu yote kinywani. Basi kaa kidogo, mpira hautakimbia.

Siku hizo zilikuwa za vita. Mji ulikuwa umegawanyika mtaa kwa mtaa, huku wakikaa watu hawa na kule wakikaa watu wale, na aliyevuka kwenda kusiko kwake alivuka roho mkononi. Nani alikaa wapi sitakwambia, wala usiniulize. Waliotufundisha kuulizana hilo walitosha. Sisi Waswahili wa Buyenzi tulikuwa katikati. Kwetu walikuja wote, kununua vitenge, kutengeneza magari, kula mishikaki, na sisi tuliweza kupita mitaa mingi kwa sababu tulijulikana. Ndiyo maana timu yetu ilikuwa na vijana wa kila upande, jambo ambalo wakati ule watu wengine waliliona kama wazimu.

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Hamadi, fundi wa magari, ambaye alitufundisha mpira kwa sauti ile ile aliyoitumia kugombana na injini. Alikuwa na kanuni tatu tu. Ya kwanza, saa kumi na nusu mpira unaingia kwenye gunia, tuwe tumefunga au tumefungwa, ili kila mtu afike nyumbani mapema, maana magharibi ikiingia ilikuwa marufuku kuonekana barabarani. Ya pili, kila mchezaji atokaye nje ya Buyenzi alikuwa na mwenyeji wake, kijana wa hapa, wa kumpokea na kumsindikiza mpaka mlangoni kwao. Mgeni asiye na mwenyeji hachezi, na mwenyeji asiyemsindikiza mgeni wake hachezi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu sisi ilikuwa mgeni ndiye wa kupona.

Ya tatu ndiyo tuliyoicheka. Ndani ya timu ilikatazwa mtu kumwambia mwenzake "kwenu." Si kwa hasira, si kwa utani. Ukilisema neno hilo, unakaa benchi mechi nzima. Kuna kijana aliwahi kukaa benchi kwa kumuuliza mwenzake, "Kwenu mvua ilinyesha?" Tulicheka mpaka tukatoa machozi. Mzee Hamadi hakucheka hata kidogo.

Mimi nilikuwa kapteni, na nilikuwa mwenyeji wa Deo, kipa wetu. Deo alitoka mtaa wa Kinama, ambako watu walikuwa wameanza kurudi kwenye nyumba zilizong'olewa mabati. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye viganja vipana kama sinia. Kutoka hapa kwenda Kinama ilibidi kuvuka daraja la mto Ntahangwa na kupita mtaa wa Cibitoke, na Cibitoke kulikuwa na vijana waliolaza gogo barabarani wakaliita bariyeri. Wakimkamata mtu wa upande mwingine, mara nyingine hakuonekana tena. Lakini mimi walinijua, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi cherehani na nusu yao walivaa suruali alizozishona. Nilikuwa napita na Deo, nawasalimia, wanauliza, "Na huyu?" Nami najibu, "Wa kwetu." Tukapita hivyo mwaka mzima, tukizungumza habari za mpira na za wasichana ambao hawakutujua hata majina.

Nilimpenda yule kijana, mwanangu. Nasema wazi, usije ukadhani niliyoyafanya niliyafanya kwa chuki. Niliyafanya kwa sababu nilifungwa.

Ilikuwa nusu fainali. Wiki nzima nilikuwa nimejigamba kwenye vibaraza vya kahawa, na wazee wa kahawa hawasahau. Tukaenda sare ya bao moja kwa moja mpaka dakika za mwisho. Basi ukaja mpira wa kutambaa, mpira ambao hata bibi yako angeudaka akiwa ameshika kikapu. Deo akainama, ukampita katikati ya miguu. Filimbi ikalia. Watu wakaanza kunizomea mimi, si yeye, kwa sababu mimi ndiye niliyejigamba. Damu ikanipanda kichwani. Nikamwendea mbele ya timu yote nikamwambia, "Rudia kwenu Kinama!"

Mzee Hamadi hakuwepo, alikuwa amempeleka beki wetu zahanati kushonwa nyusi. Deo akasema, "Sawa, kapteni." Akavaa sandali zake, akaondoka akiwa na ile jezi ya kipa mgongoni.

Mmoja wetu akaniambia, "Rajabu, we ndiye mwenyeji wake. Mufuate."

Nikasema, "Njia anaijua."

Tazama ujinga wa ujana. Njia alikuwa anaijua kweli. Lakini njia haikumjua yeye, na hilo nililifahamu vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwepo pale. Nilijiambia kwamba nitamfuata akishapoa. Nikakaa chini nikifungua kamba za viatu polepole, nikisubiri ageuke aombe radhi. Hakugeuka.

Mzee Hamadi alirudi na yule beki, akaanza kuingiza mipira kwenye gunia huku macho yake yakituhesabu kama kawaida yake. Akasita.

"Deo iko wapi?"

"Alienda, Mzee."

"Na nani?"

Nikainamia kamba za viatu vyangu.

"Mi nakuuliza, Rajabu. Alienda na nani?"

"Peke yake. Nilimwambia... nilimwambia arudie kwabo."

Nilingoja kofi. Mzee Hamadi alikuwa na kofi zito, mikono ya spana. Hakunipiga. Aliweka gunia chini, akasema taratibu, "Unajua juu ya nini nilikataza ile neno? We unafikiri ni juu ya adabu. Apana. Mutu ukimwambia yeye ni wa kule, unamutoa mu mikono yetu. Sasa akitoka mu mikono yetu, anaingia mu mikono ya nani?"

Hakungoja jibu. Akawasha pikipiki yake, akaniambia, "Panda."

Kutoka hapa mpaka daraja si mbali, lakini siku ile niliona kama tunakwenda mkoa mwingine. Nilimwomba Mungu kwa kila jina ninalolijua. Tukavuka daraja, tukaingia Cibitoke, na pale penye gogo nikamwona Deo. Alikuwa amekalishwa chini, hana jezi, hana sandali, na vijana sita wamemzunguka. Mkono wake wa kulia aliukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Mzee Hamadi alishuka bila haraka, akasalimia mmoja mmoja, akamuuliza yule mkubwa wao, "Baba yako, ile gari yake inatembea? Mwambie alete, ile breki sikupenda sauti yake." Alisema kana kwamba amekuja kunywa chai. Kisha akasema, "Huyu mutoto ni wa kwetu. Nakuja kumuchukua."

Yule mkubwa akatuangalia. "Kama ni wa kwenu, mbona anapita peke yake?" Akanigeukia mimi. "Na we, Rajabu, si we ndiye unapitaka naye siku zote? Tulimuuliza: nani wa Buyenzi anakujua? Akasema hakuna."

Mwanangu, nimezika wazazi wangu, nimeona nyumba zikiungua, lakini neno lililonichoma kuliko yote ni hilo. Hakuna. Angetaja jina langu tu, wangemwachia, na yeye alijua hivyo. Akaona bora akanyagwe mkono kuliko kulitaja. Na nani angemlaumu? Mimi ndiye niliyemwambia si wa kwetu.

Walituachia, kwa heshima ya Mzee Hamadi na pengine ya ile breki. Vidole viwili vya Deo vilikuwa vimevunjika. Walisema wahenga, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba mara nyingine asiyesikia ni mmoja, na kinachovunjika ni cha mwingine.

Tulimchukua Deo, sisi watatu juu ya pikipiki moja, mpaka penye nyumba za kwanza za Kinama. Hapo Mzee Hamadi akanishusha. "Mi narudi mbele ya magharibi. We utamufikisha kwa mama yake, utalala huko. Na ile neno, utamwambia mama kwa kinywa yako. Usimwachie Deo kazi hiyo."

Mama yake alikuwa uani anatwanga sombe, yale majani ya mhogo. Aliuona mkono kabla hajatuona nyuso. Alimkalisha mwanawe, akachana kitenge, akamfunga vile vidole kwa kijiti, na muda wote huo nilisimama nikiwa sijui pa kuiweka mikono yangu mizima. Kisha nikamwambia. Nilimwambia tulivyofungwa, nililolisema, nilivyokaa kufungua viatu wakati mwanawe anaondoka. Nikaomba msamaha, nikalia. Nilidhani atanifukuza, na ningekwenda wapi saa zile?

Alinawa mikono kwanza. Halafu akasema, "Mwana wanje, mwanangu, samahani yako nimeisikia. Lakini kesho Deo iko na kwenda ku hospitali. Atapita na nani?"

"Na mimi, mama."

"Na kesho-kutwa?"

"Na mimi."

"Na ile siku utakasirika tena?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Yule mama hakuwa na shida na machozi yangu; alikuwa ameona vijana wengi wakilia na kuapa. Alitaka kujua mwanawe atapitaje Cibitoke siku ambayo mimi sitakuwa na moyo mzuri. Na siku hiyo ingekuja, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira, hata mama yako anajua. Mwishoni nikamjibu lililo la kweli: "Siku hiyo nitapita naye nikiwa nimenuna."

Akaitikia kwa kichwa. Akatupakulia.

Basi nikawa nampeleka Deo hospitali na kumrudisha. Nilikuwa nimejiondoa mwenyewe ukapteni, na benchi nilikaa mechi nyingi kuliko moja. Njiani Deo hakusema nami neno. Tulipita darajani kimya, tukafika penye gogo, nikasema, "Wa kwetu," tukaendelea kimya. Wiki tatu hivi. Siku moja, jua kali, akasema, "Unatembea mbiyo sana." Nikapunguza mwendo. Nilifurahi kama nimepewa kombe.

Golini hakurudi, vidole vilikataa kukunjika. Mzee Hamadi alimweka winga, naye alikuwa winga mbovu, Mungu anisamehe, na mimi nilimpa pasi zote. Wenzangu walinung'unika. Niliwaambia wakanung'unikie nyumbani. Yuko hai, anauza vipuri vya baiskeli huko huko Kinama, ana wajukuu. Tukisalimiana hunipa ule ule mkono wa kulia, na vile vidole viwili huvisikia vimesimama katika kiganja changu.

Sasa irudie ile karatasi uliyotia saini. Aliyeiandika hakukosa kazi ya kufanya, wala hakutaka kuwanyima raha. Usimtukane mwenzako, kwa sababu ulimi hauna mfupa lakini umevunja mifupa, na mchezaji aliyetukanwa na timu yake ataondoka kwa njia yoyote iliyo mbele yake. Malizeni kwa saa iliyopangwa, hata kama mmefungwa, na hasa mkiwa mmefungwa. Usimwache mtu aondoke peke yake. Leo hakuna gogo Cibitoke, lakini kuna malori, kuna mto ukifurika, kuna walevi, kuna mtoto anayerudi nyumbani akiwa na huzuni asiyoweza kuisema. Na ukimkasirikia, mkasirikie mkiwa mnatembea pamoja. Siku unayompenda mwenzako huhitaji kanuni ya kukukumbusha kumsindikiza. Kanuni imeandikwa kwa ajili ya ile siku nyingine.

Nenda, mwanangu, wenzako wanakungoja. Mungu akupe mapafu, akupe subira, akufungie kinywa pale damu inapopanda. Akupe ushindi ukiwa na heri kwako, na ukifungwa akupe moyo wa kubeba. Na kila utakapotoka na watu, Mola akurudishe nao wote.